Mizani ya Chumba cha Chumvi

Mtu akija kwangu na habari ya kifo, kabla sijamkaribisha kiti namuuliza: umemwona? Wajukuu zangu wanaona haya nikifanya hivyo mbele za watu. Wanasema bibi ana roho ngumu, hata pole hajui kutoa. Pole naitoa, lakini baada ya jibu. Kiangazi kilichopita alikuja hapa Buzebazeba, Kigoma, mwanamke mtu mzima, amevaa kitenge kilichoshonwa kwa mtindo wa Kongo, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, bibi. Mimi binti wa Mwalimu Bonifasi. Baba ametutoka." Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini, nikamuuliza swali langu. Alichojibu nitakisema, lakini si kabla ya kueleza mwaka ambao swali hilo lilinikaa mdomoni, maana bila mwaka huo nitaonekana mkorofi tu. Mkorofi ni mimi kweli, lakini nina sababu.

Ulikuwa mwaka wa vita ya Kongo, ule ambao watu walivuka ziwa kwa kila kinachoelea. Wakati huo tulikaa Bangwe, nyumba ya udongo yenye ua wa matete: mimi, mume wangu Sudi, mama yake Bi Zena, na mdogo wake Kassimu. Sudi aliuza chumvi. Alichukua chumvi ya Uvinza, akaivusha hadi Uvira, upande wa Kongo, kwa boti ya watu, akarudi na vitenge. Safari hiyo aliondoka asubuhi kama asubuhi zote. Alinigombeza kwamba chai ina moshi, akavaa koti lake la mvua la kijani, akaenda zake. Hata juma halijaisha tukasikia Uvira kunapigwa. Boti zikaanza kuja, zimejaa watu hadi maji yanagusa ukingo, na Sudi hayumo. Nilikuwa msichana bado, ndoa yenyewe haijakauka rangi. Siku hizi watu wana simu, mtu akichelewa kidogo wanampigia. Sisi tulikuwa na ufuko tu. Kila asubuhi nilishuka Katonga, nikapita katikati ya wanawake wanaoanika dagaa mchangani, nikasimama na maji magotini, na kila anayeshuka nikamuuliza: umemwona Sudi wa chumvi, mtu wa Bangwe?

Kukosa jibu ni jambo dogo. Mimi nilipata majibu, na mengi. Leo mwanamke anashuka na mtoto mgongoni, ananiambia, pole dada, Sudi alipigwa risasi gatini. Kesho kijana mmoja anashuka na godoro kichwani, anacheka, ananiambia, Sudi? Sudi yuko mjini Baraka, anauza chumvi yake, nimemsikia mimi. Keshokutwa amezama. Juma linalofuata ameoa mke kule Fizi. Nilikuwa narudi nyumbani na kila neno kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja, nikifika nyumba inagawanyika. Bi Zena alichukua neno la Baraka, akalishika. Kassimu alichukua neno la gatini, akalishika. Wote wawili wakawa wananitazama mimi, ninalia au silii.

Bi Zena alikuwa na sahani ya bati yenye maua ya buluu, ambayo Sudi alilia chakula chake tangu mtoto. Kila jioni aliipakulia ugali wa muhogo na samaki mgebuka aliyeungwa kwa mawese, akaifunika kwa kawa, akaiweka kwenye jamvi mahali pa Sudi. Kassimu alikula akiitazama. Akimaliza kunawa, anaichukua, anamimina chakula kwenye sufuria, anaigeuza sahani kifudifudi, ngwa! Mama yake anaigeuza tena. Mlio wa bati lile mpaka leo nikiusikia jikoni kwa watu natoka nje. Mtaani walisema Kassimu ananitaka, ndiyo maana anataka kaka yake awe amekufa. Uongo. Kassimu alitaka kulia. Alikuwa kijana mwenye mabega ya mvuvi na hakuwa na ruhusa ya kulia, kwa sababu kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti. Kwa hiyo akakaa na kilio chake kama mtu anayebana kikohozi msikitini. Siku moja alinisimamisha jikoni. "Shemeji," akasema, "kaa eda. Ukikaa eda tutasoma hitima, watu watakuja, mambo yatakuwa na mwisho." Nikamwambia, "Na akirudi anikute nimevaa nguo nyeupe, nimefungiwa ndani kama mjane?" Akasema, "Atacheka." Nikasema, "Mimi sitacheka." Usiku nilikuwa silali, chakula nikikitia mdomoni kinageuka pamba.

Huyo Mwalimu Bonifasi aliingia kwetu katikati ya hayo. Alishuka kwenye boti ya watu wa Uvira amevaa suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi vilivyolowa, mkononi hana kitu. Huko kwao alikuwa amesoma seminari, akaacha, akafundisha shule kubwa. Mke wake na binti yake walipotezana naye siku ileile, kwenye kugombea boti. Wakimbizi walitakiwa kwenda kambini, malori yalikuja kuwachukua kwa zamu, lakini malori yalikuwa machache na watu wengi, wakawa wanalala popote. Bi Zena ndiye aliyemshika mkono. Alisema, "Nikimlisha mtu wa Uvira hapa, kule Uvira kuna mtu anamlisha mwanangu." Akampa chumba cha chumvi. Chumba hicho kilikuwa nyuma, hakina dirisha, kuta zake zinatoka jasho mwaka mzima. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye udongo, ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Juu ya boriti ilining'inia mizani ya Sudi, ya sahani mbili na kamba. Mwalimu alitandika jamvi lake chini ya mizani hiyo, akasema chumba ni kizuri. Kassimu akasema, "Padri asiye na misa ametiwa kwenye chumvi kama samaki. Hataoza."

Wanaume walikula karibu na mlango, sisi wanawake jikoni, lakini ua ulikuwa mdogo na maneno hayana pazia. Mchana mmoja Bi Zena akapaza sauti kutoka kwenye moshi, "Mwalimu, mkeo na mwanao wako hai?"

"Mi sijue, mama," akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Uvira.

"Lakini unadhani."

"Sidhani, mama. Nimeacha kudhani."

"Kudhani hakuachwi kama tumbaku!"

"Kunaachwa mtu akishiba," Kassimu akadakia. "Mpunguzieni ugali muone kama hataanza kudhani."

Mwalimu alicheka kweli, akakohoa mpaka akanywa maji. Halafu akaanza kutueleza. Alisema zamani sana, kabla ya Nabii Isa, kwa Wayunani kulikuwa na watu waliotafuta ukweli ili roho zao zitulie. Walitafuta mpaka wakachoka, maana kila neno waliloliokota walikuta lingine limelala upande wa pili, uzito uleule. "Kama ile mizani ya ndani," akasema, "sahani zote mbili ziko sawa, haiendi huku, haiendi kule. Basi wakaacha kuamua. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Na walipoacha, ule utulivu walioukimbiza miaka yote ukaja wenyewe. Hawakuuita."

"Hao Wayunani wako," Kassimu akasema, "walikuwa na ndugu Uvira?"

"Walikuwa na vita yao."

"Na kula walikula, au walikaa tu hawajui kama ni ugali au ni jiwe?"

"Walikula, ndugu. Walioa, walifuata desturi ya kwao kama watu wote. Njaa ikiuma, walisema inauma. Wanachokiona, walisema: naona hivi, kwangu inaonekana hivi. Kile wasichokiona ndicho walichokiacha."

Bi Zena alipiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Hiyo si elimu. Huo ni uvivu wa moyo."

Darasa la nne niliishia, na Wayunani nilikuwa sijawahi kuwasikia. Lakini mizani naijua. Nimepima chumvi kwenye mizani ile na Sudi, na najua ujanja wa wachuuzi wote wa Katonga: sahani zikiwa sawa, mchuuzi anaegesha kidole kwenye kamba, kidogo tu, mnunuzi haoni, na upande mmoja unashuka. Siku ya pili yake niliingia kuchota chumvi ya kupikia, Mwalimu amekaa kwenye gunia. Nikamwambia, "Kassimu anaweka kidole." Akaelewa papo hapo. "Na mama yake anaweka kingine," akasema, "upande wa pili. Na wewe, mama?" Nikasema, "Mimi ni kamba. Wote wananivuta." Hapo hakucheka. Alisema, "Basi nikupe kazi moja tu. Kesho usiulize watu kama Sudi ni mzima au amekufa. Waulize wameona nini. Kwa macho yao wenyewe. Halafu utulie." Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto. Nikaondoka na chumvi yangu.

Kassimu hakungoja. Alipata watu wawili, akaenda hadi Ujiji kumwita shehe. Sheria tuliijua wote: eda haikaliwi kwa uvumi, lakini wakisimama mashahidi wawili waaminifu wakasema fulani amekufa, amekufa, na mkewe ni mjane kuanzia hapo. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, walikaa sebuleni kwetu. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, pazia katikati. Kitandani kwangu lilikuwa limekunjwa vizuri vazi jeupe ambalo Kassimu amelinunua tayari. Nikitoka chumba kile nimelivaa, ni miezi minne na siku kumi ndani, hakuna Katonga, hakuna kuuliza, na Sudi akishuka botini mchana wa jua, mimi ndiye niliyekubali kwamba amekufa. Bi Zena alikuwa amenishika mkono kwa kucha.

Shahidi wa kwanza alikuwa nahodha wa hapohapo Bangwe, mtu mzima, nilimheshimu. Alisema alimwona Sudi akianguka gatini Uvira. Wa pili, mchukuzi wa magunia aliyekimbia kutoka kule, akasema, ndivyo, na mimi nilimwona. Shehe akauliza kama wana hakika. Wakasema wana hakika. Kassimu nikamsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu anayejiandaa kuingia maji ya baridi. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Shehe, naomba kuuliza."

"Shemeji, nyamaza," Kassimu akasema.

"Mwache aulize," shehe akasema. "Eda ni yake, si yako."

Nikauliza kupitia pazia, "Mjomba nahodha, uliona nini?"

"Nilimwona Sudi ameanguka, mwanangu."

"Sijauliza ulimwona nani. Uliona nini?"

"Niliona mtu. Amelala kifudifudi. Koti la kijani, la mvua."

"Uso?"

"Mwanangu, nimesema kifudifudi."

"Koti lilikuwa na kiraka begani? Cheusi, nilikishona mimi."

"Risasi zinalia, watu wanakanyagana, nani anatazama viraka!" Sauti yake ilikuwa imepanda, halafu ikashuka. "Kiraka sikukiona. Sisemi hakikuwepo. Sikukiona."

"Na wewe kaka mchukuzi?"

Mchukuzi akasema alimwona vilevile. Nikamuuliza yeye alikuwa amesimama wapi. Akasema gatini. Nahodha, ambaye alikuwa mtu wa haki, akamgeukia: "Wewe si ulikuwa umeshaingia botini, chini ya turubai? Mimi ndiye niliyekusimulia, tukiwa katikati ya ziwa." Mchukuzi akaanza kubabaika, na namwamini kwamba hakuwa mwongo. Walivuka siku nzima na kiu na hofu, wakasimuliana na kusimuliana, na walipoona taa za Kigoma kila mmoja alikuwa amekwisha kuona alichosikia. Watu wengi wa ufuko ule walikuwa hivyo. Nilikaa mwaka mzima nikila maneno ya watu waliosimuliana chini ya turubai.

Bi Zena akapiga kigelegele, kirefu, kikagonga mabati. "Mwanangu mzima! Mwanangu yuko Baraka!" Wanawake wa mtaa wakaanza kumwitikia. Na mimi ningeweza kuacha pale. Ningeacha, ningebaki na mama mkwe anayenipenda. Lakini mizani yenye kidole upande mmoja na mizani yenye kidole upande wa pili zote ni za wizi. Nikamwambia, na mkono wake bado uko kwenye wangu, "Mama, na yule kijana wa godoro hakuona uso. Alisikia mtu wa Kigoma akicheka sokoni Baraka. Ni hilo tu. Nilimtafuta juzi nikamuuliza."

Aliutoa mkono wake kama umeungua. Maneno aliyonitamkia siyarudii, marehemu alikuwa mama yangu. Shehe alikohoa upande wa pili wa pazia, akasema, "Sudi alivuka akiwa hai. Hilo tunalijua. Mengine hatuyajui, na shaka haiondoi yakini. Hakuna eda." Wakanyanyuka. Kassimu alipita jikoni, akaniambia bila kunitazama, "Umeninyima kilio, shemeji." Kwa hiyo nyumba ile iliyokuwa na pande mbili ikawa na upande mmoja, na mimi peke yangu nje yake.

Jioni ile hakuna aliyepika. Nikapika mimi. Nilisonga ugali, nikaunga mgebuka kwa mawese na pilipili, nikachukua ile sahani ya maua ya buluu, nikampakulia Mwalimu humo. Bi Zena aliona, akaingia ndani, akafunga mlango. Sahani hiyo haikupakuliwa tena kwa mtu asiyekuwepo, wala haikugeuzwa tena. Ikawa sahani. Nilikaa kizingitini mwa chumba cha chumvi, nikala na mimi, na ghafla nikahisi chakula kina ladha. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ulikuwa kama ule wakati homa inapokatika na mgonjwa anaomba uji. Nilikula nikamaliza, nikakwangua ukoko. Mwalimu alinitazama. "Umeonaje?" akauliza. "Nimeona njaa," nikamjibu. Usiku huo nililala mpaka jua likanikuta.

Siwadanganyi wajukuu zangu kwamba amani hiyo ni tamu. Mzigo haukupungua hata ratili moja. Nilichoacha ni kuuhamisha kutoka bega hili kwenda bega lile kila anaposhuka mtu. Na huyo aliyenifundisha, niliona kwa macho yangu elimu yake ilipoishia. Zamu yake ya lori ilipofika, tulikuwa tunamfungia mihogo ya njiani, jirani akaingia uani mbio anapiga kelele: "Mwalimu! Katonga kuna boti imeingia, kuna mtoto wa kike anasema baba yake ni Bonifasi!" Mwalimu alikuwa na tonge mkononi. Akasema taratibu kabisa, "Bonifasi wako wengi. Hatujui kama..." Hakumaliza. Aliruka juu ya sufuria, akatoka bila viatu. Mimi nyuma yake. Alikimbia mteremko wote na tonge lake mkononi, akapita juu ya dagaa walioanikwa, wa mtu huyu na wa mtu yule, wanawake wakimrushia matusi, "We kichaa, utatulipa!" akaingia majini na suruali yake mpaka kiunoni, akashika ukingo wa boti.

Hakuwa wake. Alikuwa mtoto wa Bonifasi mwingine. Mwalimu alisimama majini muda mrefu, tonge limeyeyuka kwenye vidole. Aliporudi nchi kavu magamba ya dagaa yalimjaa miguuni kama soksi. Nilimsubiri aseme kitu kuhusu Wayunani wake. Alinawa miguu, akasema, "Miguu haijasoma, mama." Lori likaja, akapanda. Sikumwona tena.

Sudi naye sikumwona tena. Baada ya miaka, shehe aliivunja ndoa yetu kwa sababu ya kupotea kwake, si kwa kifo, nikaolewa na babu wa wajukuu zangu. Bi Zena alikufa akingoja. Mimi sikuwahi kukaa eda ya Sudi wala kumsomea hitima, na machozi yake sikuyatoa, kwa sababu sikuwa na haki nayo. Mtu akiniuliza mume wako wa kwanza yuko wapi, nasema sijui, na ni kweli, na nalala.

Sasa narudi mlangoni, kiangazi kilichopita, na ungo wa mchele chini. Yule binti, ambaye baba yake alikuja kumkuta kambini kwa shangazi, alinisikiliza nikimuuliza, umemwona? Hakukasirika. Alitabasamu hata, akasema, "Baba aliniambia utauliza hivyo. Nimemwona, bibi. Nimemfumba macho kwa mkono huu. Nimeshika kamba ya jeneza mpaka chini." Akanyoosha mkono wake nikauchukua, nikautazama pande zote mbili. Mkono wa mtu, una alama ya kisu cha muhogo kwenye kidole gumba. Nikasema, basi. Nikajaribu kumkaribisha kiti, badala yake nikakaa chini mimi mwenyewe kwenye mchele.

Nililia mpaka majirani wakaja na kanga viunoni wakiuliza nani amekufa nyumba hii. Nikawaambia, Mwalimu Bonifasi, amekufa, aliyemwona huyu hapa. Wajukuu walisimama ukutani wananikodolea macho, hawajawahi kuniona hivyo. Nililia kwa sauti, na kilio kilipomaliza fungu la Mwalimu hakikukoma, kiliendelea, na nilijua kinakwenda wapi. Kassimu alikuja na fimbo yake, mzee sasa, mabega yameisha. Hakuuliza nani. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akavua kofia, akaiweka gotini, akaanza kulia kama mtoto, mdomo wazi, kilio cha miaka yote ile. Nilijua anamlilia nani, na sikumuuliza kama amemwona.